Jina Lililoombewa Kila Jioni

Katikati ya mwaka 1947 lori la samaki la Mgiriki mmoja liliondoka Kasenga, kando ya mto Luapula, likaingia Elisabethville siku ya pili mchana. Juu ya magunia ya samaki wakavu alikaa mwanamume mrefu, mwembamba, wa miaka arobaini na mitano hivi. Alikuwa na blanketi, kisu kifupi cha kukatia fito, na barua ya padri wa ng'ambo ya mto, upande wa Waingereza. Barua ilimtaja kwa jina la ubatizo, Alexis. Kwao, na zamani mgodini, watu walimwita Mutale.

Hakuwa mgeni wa mji ule. Kabla nyumba hazijaonekana aliuona moshi wa bomba kubwa la kuyeyushia shaba, akainamisha kichwa, akabaki akitazama mikono yake mpaka lori liliposimama. Dereva alidhani safari imemchafua tumbo, akampa maji.

Shule aliyoijia ilikuwa ya vipofu, nyumba mbili za matofali nyuma ya misheni moja ya masista. Barua ilieleza kwamba huyu ni mjane, wanawe wamekwisha kuwa watu wazima, anasuka vikapu na viti vya fito kuliko mtu yeyote wa pande zile, na kwamba anajitolea kufundisha bila mshahara, kwa chakula na mahali pa kulala tu. Mkuu wa shule, sista Mbelgiji aitwaye Godelieve, ambaye wanafunzi walimwita Masère kama masista wote wa mji ule, aliisoma barua mara mbili.

"Bantu banavuka mupaka kutafuta kazi ya franga," alisema kwa Kiswahili cha Katanga alichojifunza kwa wanafunzi wake. "Wewe unavuka kutafuta nini?"

"Nilisikia hamuna mwalimu wa kazi ya mikono."

"Hiyo njo tunatafuta sisi. Nauliza wewe."

Mutale aliweka blanketi lake chini. "Nataka kufundisha, Masère. Hakuna ingine."

Sista hakuridhika, lakini fito zilikuwa zikioza uani kwa kukosa mtu wa kuzisuka. Akampa chumba kilichopakana na karakana.

Pale uani palikuwa na kamba ndefu iliyofungwa kutoka nguzo hadi nguzo, kutoka chumba cha kulala hadi kanisani, karakana, jikoni na chooni. Kila penye njia panda kamba ilikuwa na fundo, moja, mawili au matatu, ili mwenye kushika ajue amefika wapi. Wanafunzi walikuwa kumi na wanne, wadogo kwa wakubwa. Wengine surua iliwapofusha wakiwa wachanga, wengine macho yaliharibika kwa kazi ya tanuri. Asubuhi ya kwanza Mutale alisimama mlangoni akawaona wakija karakanani wameshika ile kamba mmoja nyuma ya mwenzake, nyuso zimeinuka juu kidogo, bila kusema neno. Akakaa chini juu ya rundo la matete.

Sababu aliijua yeye peke yake.

Alipokuwa kijana, mwaka 1926, waandikishaji walifika kijijini kwao wakitafuta watu wa kazi Katanga, naye akaenda. Mgodi aliopelekwa ulikuwa nje ya mji, shimo kubwa lenye ngazi za udongo mwekundu, na haukudumu. Leo hata jina lake wachache wanalikumbuka. Baada ya mwaka mmoja akafanywa mtu wa baruti. Kazi yake ilikuwa kujaza matundu kwenye mwamba, kuwasha tambi za kulipulia, kukimbia, kisha kujificha na kuhesabu milio. Matundu manane, milio minane. Ikitimia, alipiga filimbi, na mtu wa nyuma yake aliingia na mtaimbo kuangusha mawe yaliyolegea. Isipotimia, hakuna mtu kuingia mpaka saa nzima ipite.

Mtu wa nyuma yake aliitwa Anaclet Mwilambwe, Mluba wa kaskazini, Mkristo, mtu wa kucheka sana. Walikuwa marafiki. Mutale hakuwa na mke wakati ule, na mke wa Anaclet, Victorine, binti wa Pweto, alikuwa akimpikia bukari, ugali wa kule, kila siku kana kwamba ni ndugu yake wa damu. Binti yao wa kwanza, Germaine, alipozaliwa, Mutale ndiye aliyemchongea kitanda.

Asubuhi moja ya mwaka 1928 kulikuwa na baridi na ukungu, na msimamizi mzungu alikuwa akipiga kelele kwamba mabehewa yanangoja. Mutale aliwasha tambi nane. Akahesabu milio saba. Baada ya ule wa sita milio ilifuatana, labda miwili ilipiga pamoja, labda haikupiga. Hakuwa na hakika. Msimamizi akapiga kelele tena. Mtu wa baruti asiyekuwa na hakika alirudishwa kwenye koleo siku ileile, mbele ya wenzake. Mutale akapiga filimbi. Akamwambia Anaclet, "Ingia, ndugu, imekwisha," na Anaclet akaingia.

Ule wa nane ulipiga.

Anaclet hakufa. Alitolewa uso mzima umejaa chembe za mwamba, macho yote mawili yamekwisha, sikio la kushoto limekufa. Wakati yuko hospitalini hajitambui, mzungu wa uchunguzi alimwita Mutale, akafungua daftari, akamuuliza ilikuwaje. Mutale alikuwa bado na damu ya rafiki yake shatini. Akasikia kinywa chake kikisema, "Nilimwambia angoje. Hakusikia. Alikuwa na haraka." Ikaandikwa hivyo. Mkosaji akawa Anaclet, na mgodi haukuwa na deni naye. Siku alipotoka hospitalini, nyumba yao ya kambini ilikuwa imepewa mwingine. Mutale hakwenda kumtazama hata mara moja. Mwaka 1931 shaba ilipoanguka bei na watu wa ng'ambo wakarudishwa makwao kwa garimoshi, alikuwa wa kwanza kupanda.

Tangu hapo hakuwa mtu wa kulala vizuri, lakini shida kubwa ilikuwa mchana. Wanawake wakitwanga muhogo, alihesabu mapigo. Kengele ya kanisa ikilia, alihesabu. Akifika saba, mwili wote ulisimama kungoja. Mkewe, Nkandu, alimzoea hivyo, akijua kwamba mumewe anaweza kunyamaza katikati ya neno kwa sababu jirani anapigilia msumari. Alimuuliza mara moja tu. Mutale alisema, "Ni mambo ya mgodini." Nkandu akafa bila kujua zaidi ya hayo. Ndipo padri alipotangaza kanisani kwamba shule ya vipofu ya Elisabethville inatafuta mtu wa kusuka. Wanawe walipinga. Walisema mtu hawezi kwenda nchi ya wengine kufanya kazi ya bure hali paa la nyumba yake linavuja. Mutale aliziba paa, akaondoka.

Hakwenda kumtafuta Anaclet. Hilo lazima lisemwe wazi. Alitaka kuwatumikia vipofu wengine, wowote wale, na kumwogopa huyo mmoja mpaka kufa. Mjini hakuuliza habari zake. Siku za Jumapili, wenzake wakienda kutembea mtaani, yeye alibaki karakanani akiloweka fito, maana kila mtu mwenye fimbo barabarani alimfanya ageuke ukutani.

Kazi yenyewe aliifanya vizuri ajabu. Alifunga macho yake kwa kitambaa juma zima, akasuka hivyo hivyo, apate kujua vidole vinapotea wapi. Akagundua kwamba kipofu akianza kikapu anapoteza hesabu ya fito za kusimama, basi akazifunga kwa uzi penye kuanza. Mwanafunzi mmoja, Rigobert, mtu mzima aliyepofuka kwenye tanuri na asiyetaka kujifunza kitu ila kulalamika, alisuka kiti chake cha kwanza baada ya miezi miwili, akakikalia, akakataa kuinuka mpaka chakula cha jioni. Masère Godelieve alianza kumwita Baba Alexis kama wengine. Mara nyingine Mutale alipitisha asubuhi nzima bila kuhesabu kitu.

Mwezi wa tisa, joto likiwa limeanza na miti ya jakaranda imechanua, mwanamke kijana alikuja uani akimshika mkono mtu mzima aliyevaa koti lililoshonwa viraka. Mutale alikuwa akikata fito kwenye pipa la maji. Aliinua uso, akaona ngozi ya yule mtu kuanzia paji la uso hadi kidevuni imejaa alama ndogo za buluu, kama mtu aliyerushiwa wino.

Kisu kilizama ndani ya pipa.

"Huyu iko baba yangu, Anaclet Mwilambwe," yule mwanamke alimwambia Masère. "Tunakaa njia ya Ruashi. Mimi njo macho yake tangu nilianza kutembea. Sasa naolewa, na kule naenda hakuna nafasi ya baba."

Alisema bila huruma na bila ukali, kama anayesoma orodha. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Ndiye Germaine aliyechongewa kitanda.

Masère alimleta Anaclet karakanani, akamkalisha kwenye benchi mbele ya mwalimu. "Huyu njo Baba Alexis, anatoka ng'ambo," alisema karibu na sikio lake la kulia. "Atakufundisha."

Anaclet alinyosha mkono hewani. Mutale alitazama ule mkono. Hakukuwa na njia ila kuushika.

"Yambo, Baba Alexis," Anaclet alisema. "Unisamehe, niko na sikio moja, na hata hilo linasikia bantu kama beko ndani ya mutungi. Sema na nguvu."

"Yambo, baba," Mutale alisema, kwa sauti ndogo.

Hakumtambua. Miaka kumi na tisa ilikuwa imepita, sikio lilikuwa bovu, na jina lilikuwa jingine. Siku zile za kwanza Mutale alifundisha kwa mikono tu, akishika vidole vya Anaclet na kuvipeleka juu ya fito, chini ya fito. Vilikuwa vidole vya haraka. Anaclet alikuwa bado anacheka, ila kicheko kilikuwa kifupi, cha kuomba radhi.

Jioni, saa kumi na mbili, wanafunzi wote walisali pamoja kanisani, kila mmoja akitaja kwa sauti wale anaowaombea. Jioni ya tatu zamu ilimfikia Anaclet. Aliombea Germaine na mchumba wake Émile. Aliombea Victorine, mkewe aliyeondoka. Kisha akasema, "Na Mutale, rafiki yangu wa zamani, aliyenikataza nisiingie. Mungu amulinde kule eko, muzima ao mufu."

Wote wakaitikia amina. Mutale alikuwa nyuma, karibu na mlango. Aliona mikono yake inashika benchi, haikuwa kama mikono yake.

Baadaye alimuuliza Rigobert yule rafiki ni nani, maana hakuweza kumuuliza mwenyewe. Rigobert alikuwa amekwisha kuijua hadithi yote. Anaclet alimsimulia yeyote aliyekaa karibu naye. Asubuhi ile ya baruti haimo kichwani mwake hata kidogo, alisema. Alilala usiku uliotangulia, akaamka hospitalini gizani. Yaliyo katikati aliambiwa na mzungu, naye mzungu aliyasoma kwenye daftari. Akayashika kwa sababu hakuwa na mengine. "Anasema alikuwa na kiburi," Rigobert alieleza. "Anasema rafiki yake alimuita, 'Ngoja, ngoja,' na anasikia ile sauti mpaka leo."

Kwa hiyo uongo ulikuwa umeingia ndani ya kichwa cha Anaclet ukawa kumbukumbu yake. Alikuwa akisikia sauti ya Mutale ikisema maneno ambayo Mutale hakuyasema kamwe.

Kila jioni jina lile likatajwa. Mutale, rafiki yangu aliyenikataza. Mutale mwenyewe alijaribu kutokwenda kusali, akisingizia kazi, lakini ukuta wa kanisa ulikuwa mwembamba na Anaclet, kama viziwi wote, alisema kwa nguvu. Mutale alikonda. Alipohesabu sasa hakusimama kwenye saba tu. Baada ya kimya alisikia ile sauti yake mwenyewe ya ujana, "Ngoja, ngoja," wazi kabisa, mpaka akaanza kujiuliza kama labda kweli aliisema. Hilo lilimtisha kuliko yote.

Alikwenda kuungama. Padri alimsikiliza, akamwondolea dhambi, kisha akamshauri asimwambie Anaclet. "Yule muntu iko na amani," alisema. "Utamupa nini mahali pa ile amani?" Mutale alitoka na ruhusa ya kunyamaza, akanyamaza hadi mwezi wa kumi na mbili.

Aliyemfungua kinywa ni Germaine. Alikuwa amekwisha kuolewa, na Jumapili moja ya mvua alimletea baba yake dagaa wa kapenta na unga. Anaclet alikuwa amelala. Germaine akakaa karakanani kungoja mvua ikatike, akavitazama vikapu.

"Baba anasuka muzuri," alisema.

"Iko na mikono ya haraka."

"Haraka." Akatabasamu upande mmoja. "Nyumbani hatukusema ile neno. Nikikimbia, alinipiga. Nikicheka sana, alinipiga. Alisema haraka njo iliharibu maisha yetu, na kiburi. Sikwenda shule, Baba Alexis, nilikuwa nashika fimbo yake. Nikaona batoto wengine beko nakwenda na ardoise ya kuandikia, nikasema moyoni: kama huyu muntu angesikia rafiki yake siku moja, siku moja tu, leo ningejua kusoma." Akagusa ukingo wa kikapu. "Mama alimuacha. Mimi nilibaki, lakini sikumupenda. Nakuambia wewe juu ya uko mugeni."

Mvua ikakatika. Germaine akainuka, akajifunga kitambaa.

"Kaa," Mutale alisema. "Niamushe baba yako. Iko neno lazima musikie bote bawili."

Anaclet alikuja akishika kamba, bado na usingizi usoni, akakaa mahali pake, na kwa mazoea akachukua kikapu alichokianza, akaendelea kusuka. Mutale hakukaa. Alisimama upande wa sikio zima, akasema kwa nguvu, kwa sauti yake ya kweli.

"Anaclet, jina langu njo Mutale. Nilikuwa mutu wa baruti. Ile asubuhi tulijaza nane, na mimi nilihesabu saba. Sikukuambia ungoje. Nilipiga filimbi, nikasema, 'Ingia, ndugu, imekwisha.' Ukaingia juu ya ile nilikuambia. Kwa mzungu nilisema uongo."

Vidole vya Anaclet viliendelea. Ufito juu, ufito chini. Germaine alikuwa amesimama mkono mdomoni.

"Sema tena," Anaclet alisema.

Akasema tena, neno kwa neno.

"Mbona ulipiga filimbi?"

"Msimamizi alikuwa anapiga kelele. Niliogopa haya ya kurudishwa kwenye koleo."

"Na daftari?"

"Niliogopa."

"Ulikula kwangu," Anaclet alisema polepole. "Victorine alikuwa anakuwekea muchuzi mbele yangu mimi."

"Ndiyo."

Anaclet aliweka kikapu magotini. Kisha akaanza kukifumua. Alitoa ufito mmoja, akaulaza kando, akatoa wa pili, akaulaza kando. Alipofika chini kabisa, kwenye msalaba wa kuanzia, akageuza uso mahali alipodhani binti yake yuko.

"Germaine."

"Baba."

"Unasikia."

"Nimesikia, baba."

"Nilikupiga bure," Anaclet alisema, akanyosha mkono upande wake.

Germaine hakumwendea mara moja. Alimtazama Mutale kwanza, kwa muda mrefu, na Mutale alidhani atampiga, akangoja apigwe. Halafu akapita mbele yake kama anapita mbele ya nguzo, akakaa benchini karibu na baba yake.

Siku iliyofuata Anaclet alimwita Masère, akataka Mutale ayarudie maneno yale mbele ya shule yote, na ikawa hivyo. Masère Godelieve alitaka kumfukuza. Alisema mtu aliyekuja kujificha nyuma ya vipofu hawezi kuwafundisha. Anaclet ndiye aliyekataa.

"Asiende," alisema. "Akienda, atapumzika. Abaki afundishe. Lakini kwanza aende Pweto amwambie Victorine."

Mutale alisafiri siku sita, kwa lori na kwa miguu, mpaka Pweto kwenye ziwa. Victorine alikuwa mchuuzi wa samaki, ameolewa tena, amenenepa, nywele zimeanza mvi. Alimtambua kabla hajasema jina. Alimsikiliza huku anageuza samaki kwenye uchanja wa moshi, mmoja mmoja, hakuacha hata mmoja aungue.

"Nilijua," alisema mwishoni.

Mutale hakuamini masikio yake. "Ulijua nini, mama?"

"Hukuja hospitali. Muntu alikula nyumbani kwangu miaka miwili, na hakuja kumutazama rafiki yake. Nikajua. Nilimuambia Anaclet. Hakutaka kusikia, alisema nisichafue jina lako." Aligeuza samaki mwingine. "Unafikiri nilimuacha juu ya macho? Kila asubuhi, nikiamuka, alikuwa ameketi, ananiomba musamaha juu ya haraka yake. Kila asubuhi, miaka minne. Nikisema basi, anaanza tena. Nyumba ilijaa wewe. Tulikuwa batatu mule ndani."

Akamfungia samaki wawili kwenye majani kwa safari, maana ndiyo desturi, na akamwambia asirudi tena.

Mutale alirudi shuleni, akamwambia Anaclet kila neno, hata lile la watatu nyumbani. Anaclet aliuliza kama Victorine ana afya. Akaambiwa ana afya. Hakuuliza kingine.

Miaka minane hivi iliyobaki ilikwenda hivi. Mutale alifundisha. Anaclet alikaa benchi la mwisho, mbali na mwalimu, akasuka. Alipohitaji jambo aliuliza kupitia kwa Rigobert. Jioni kanisani aliwaombea wengi, na jina la Mutale hakulitaja tena. Mutale alikuwa ameliomba hilo kimoyomoyo kwa miezi, na lilipokuja alikuta kimya kile kina uzito wake. Alisikiliza kila jioni, zamu ya Anaclet ikifika, jina moja, la pili, la tatu, kisha amina, na alitoka uani akiwa na baridi hata mwezi wa joto. Hakulalamika. Kwa nani? Fito alizisikia bado zikigonga kwa hesabu, lakini ile "Ngoja, ngoja" ilikoma, kwa kuwa sasa palikuwa na watu wengine waliojua kwamba haikusemwa.

Germaine alizaa mtoto wa kike. Mwaka ule ule alianza kuja shuleni kila Jumapili, na Masère alimfundisha kusoma, kwanza herufi za kawaida, kisha zile za nukta za vipofu, ili amsomee baba yake. Alisoma akimpakata mtoto. Mutale alimchongea meza ya kusomea na kuiweka mlangoni pa chumba cha Masère bila kusema ni ya nani. Germaine aliitazama, akauliza ni kazi ya nani, akaambiwa. Ilikaa uani mvua nzima ya mwaka ule. Mwaka uliofuata aliiingiza ndani, akaipangusa, akaitumia. Hakumshukuru Mutale, na Mutale hakutazamia.

Mwaka 1956 mapafu ya Mutale yalianza kumziba. Vumbi la mgodi, daktari alisema. Juma la mwisho alilazwa chumbani kwake kando ya karakana, na wanafunzi walipokezana kukaa naye. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mlango ulifunguliwa, akaingia Anaclet peke yake, akipapasa ukuta. Akakaa pembeni mwa kitanda. Anaclet alinyosha mkono, akaupitisha usoni pa mgonjwa, paji la uso, macho yaliyofumbwa, mashavu yaliyoingia ndani, polepole, kama anayekagua kikapu kabla hakijatoka karakanani.

"Umezeeka," alisema.

"Ndiyo," Mutale alijibu.

Anaclet alikaa mpaka kengele ya chakula, akaenda zake. Mutale alifariki kesho yake mchana. Alizikwa kwenye makaburi ya misheni, na watoto wake walifika kutoka ng'ambo siku mbili baadaye, wakapelekwa kaburini, wakashangaa kukuta vipofu zaidi ya ishirini wamesimama pale wakiwangoja, wameshikana mabega.

Karakana aliichukua Anaclet. Wanafunzi wapya waliokuja walisikia habari za mwalimu wa kwanza, wakataka kujua alikuwa mtu gani, na mmoja wao, mwanamke wa Kasai aliyeitwa Ngalula, alimuuliza Anaclet waziwazi.

"Alitoka ng'ambo," Anaclet alisema bila kusimamisha vidole. "Alitufundisha kusuka. Hii ufito wewe unashika, njo yeye alionyesha namna ya kuifunga uzi." Akapitisha ufito mwingine. "Ingine yote, uliza mutoto wangu Germaine. Mimi nilisimulia ile ya daftari miaka mingi, na ilikuwa uongo. Yeye njo anajua kusoma."